Kinanda cha Boksi la Marumaru

Mwanamume akiwa na jambo la aibu la kumwambia mchumba wake, asimfuate kazini saa sita mchana. Mimi nilimfuata. Ilikuwa Ijumaa, duka la vifaa vya ujenzi la Bibi Tazim pale Chamazi limejaa mafundi, na uani mashine ya kukatia vyuma inalia mpaka meno yanauma. Tupokigwe alikuwa kaunta kama siku zote, aproni ya bluu, futi kamba mfukoni, anamsimanga fundi aliyekuja kununua bomba.

"Umepima, au unakisia?"

"Nakisia tu, sista. Kama mita nne hivi."

"Kapime, urudi. Ukikisia utarudi hapa mara tatu, na mie sina hamu ya kuiona sura yako mara tatu."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Nilimpenda kwa mdomo wake huo, na kwa macho yake makubwa yanayokutazama moja kwa moja mpaka unasahau ulichokuja kusema. Ana miaka thelathini na sita. Shule aliishia la saba, kisha akawasomesha wadogo zake wawili mpaka vyuo. Mwisho wa juma anaimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango chetu. Mwalimu wa kwaya hiyo ni mimi, na siku za kazi ninafundisha shule ya msingi.

"Mwalimu Ansbert!" Bibi Tazim aliniita kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni. "Leo unataka misumari, au unamtaka mtu?"

"Shikamoo, Bibi. Namtaka mtu."

"Marahaba. Mchukue dakika kumi. Zikizidi, nakuuzia misumari."

Tulisimama nyuma, katikati ya mifuko ya saruji. Tupo alijifuta mikono kwenye aproni akanisubiri.

"Ni mama," nilianza.

"Najua ni mama. Sema."

"Anasema tungoje kidogo. Jumapili hii matangazo yasisomwe."

Kwetu ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu kabla ya kufungwa, ili mwenye pingamizi alitoe. Majina yetu yalikuwa yameandikwa mara mbili na kuondolewa mara mbili, na aliyeyaondoa mara zote mbili ni mimi. Mama yangu, Mama Auleria, ni mwalimu mkuu mstaafu, Mhaya wa Kamachumu, na alikuwa ameapa kwamba siku tutakayotangazwa atasimama katikati ya kanisa aseme hapana. Anayemfahamu anajua kwamba angesimama kweli.

Tupo hakuniangalia. Vidole vyake vilikuwa vinagonga-gonga mfuko wa saruji, kimoja baada ya kingine. Ndiyo kawaida yake. Kwa miaka mitatu nilikuwa naiona, nikadhani ni wasiwasi tu wa mtu mwenye kazi nyingi.

"Anasema nini hasa? Usinifiche."

"Tupo, mama ni mtu mzima, maneno yake..."

"Ansbert. Sema."

"Anasema mwanawe hawezi kuoa mtu aliyeshindwa na shule."

Vidole vikasimama.

"Shule haikunishinda," alisema polepole. "Ilikatika. Hivyo ni vitu viwili."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, usingekuja kuniambia ningoje kwa mara ya tatu. Mie sikukufuata unihifadhi. Nina kazi yangu, nina chumba changu. Nilikutaka wewe tu." Akaendelea kwa ukali kana kwamba anagombana na fundi. "Kesho mlete mama mazoezini. Nina kitu cha kumwonyesha. Akishakiona, aseme anachotaka. Ila na wewe useme, mbele yake, kesho hiyo hiyo: tunatangazwa au hatutangazwi. Ukinyamaza navua hii pete yako papo hapo, na sauti ya pili utafute mwingine."

"Kitu gani hicho?"

"Kesho."

Alirudi kaunta. Fundi wa bomba alikuwa amesharudi na vipimo vyake kwenye karatasi.

Jumamosi saa tisa dada yangu alimleta mama kwa gari lake kutoka Mwenge, akamwacha mlangoni mwa kanisa. Mama aliingia na mkoba wake mweusi, mgongo umenyooka na miaka yake sabini na moja, akachagua benchi la mbele kana kwamba amekuja kukagua darasa. Wanakwaya wote wakamgeukia. Tupo alimwendea, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alijibu akiutazama ukuta. "Nimeambiwa kuna kitu cha kuona. Haya, nionyeshwe. Kiuno changu na mabenchi haya havipatani."

"Ndiyo, mama."

Nilidhani atarudi kwenye mstari wake wa sauti ya pili. Akapita. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kinanda, akaketi kwenye kiti changu, akalivuta gauni likae vizuri. Fransis, wa sauti ya nne, akanitupia jicho. Mimi nikawa nimekauka pale nilipo.

Maana hapo ndipo nilipokumbuka. Miaka mitatu nyuma, kabla sijampenda, au niseme kabla sijajijua kwamba nimempenda, Tupo alinifuata baada ya misa akaniomba nimfundishe kinanda. Niliitazama mikono yake, mikono ya kubeba ndoo za rangi, nikacheka. Nikamwambia, "Dada Tupo, samaki mkunje angali mbichi. Vidole vikishapita miaka thelathini haviingii kitu." Akacheka na yeye. Akasema asante, Mwalimu. Hakuniomba tena.

Sasa alifumba macho, akainua mikono, akaanza wimbo wangu mwenyewe wa matoleo, ule nilioutunga mwaka mama alipougua.

Mungu anisamehe, zilikuwa kelele tupu. Mkono wa kulia ulianza vizuri, ukatembea hatua tano, ukapotea. Wa kushoto ulipotea tangu mwanzo. Akasimama, akaanza upya, ikawa vilevile. Nyuma yangu mtu alicheka puani, kisha wawili. Jasho lilimtoka Tupo juu ya mdomo. Akaanza kwa mara ya tatu, na mara hii hata mimi niliinamisha kichwa.

Mama alikwisha kushika mkoba wake.

"Basi?" aliuliza. "Ni hicho tu?"

Tupo hakumjibu. Alikuwa anaitazama mikono yake kwa mshangao, kana kwamba ni rafiki wa siku nyingi aliyemsaliti. Kisha akaninong'oneza mimi, si mtu mwingine, "Ansbert, mbona ni vipana?"

"Nini vipana?"

"Vibao. Mbona vibao vyake ni vipana?"

Nilitaka kumwambia aache, yaishe, tukanywe chai. Lakini nimewasikiliza watoto wakikosea kwa miaka kumi na minane, na nimejua jambo moja. Asiyejua hukosea huku na huku, leo hivi kesho vile. Tupo alikosea mara tatu, na mara zote tatu alikosea mahali palepale kwa namna ileile. Mkono wake wa kushoto ulipotanuka kutoka do ya chini kwenda do ya juu, kidole gumba kiliangukia noti ya ti. Kila mara pungufu kwa kibao kimoja. Hakuwa amebahatisha hata mara moja.

"Tupo," nilisema, na sauti yangu haikuwa yangu, "umejifunzia wapi?"

Akasita. Halafu akainuka, akaenda kwenye kona alikoweka kifurushi kirefu kilichofungwa kwa kanga, akakileta, akakifungua mbele yangu.

Lilikuwa boksi la marumaru, limekatwa na kunyooshwa. Juu yake alikuwa amechora kinanda kwa makapeni nyeusi: vibao vyeupe ishirini na tisa, na vyeusi vyake vyote katikati, kila kimoja mahali pake. Upande mmoja bado ilionekana nusu ya picha ya bafu. Pale kwenye do ya katikati karatasi ilikuwa imelika mpaka tabaka la ndani, ikazibwa kwa selotepu, ikalika tena, ikazibwa tena. Na pembeni, kwa mwandiko mdogo wa peni, kulikuwa na orodha ya nyimbo. Nyimbo zangu. Thelathini na moja. Mbele ya kila wimbo alikuwa ameandika tarehe aliyoumaliza, na juu kabisa ilikuwepo tarehe aliyoanza. Ilikuwa Jumatatu. Nilipohesabu nyuma nikaona ni kesho yake, baada ya ile Jumapili niliyomcheka.

Nywele zilinisimama. Sioni haya kusema. Nimesikia vinanda vikubwa vya makanisa makubwa, nimesikia kwaya za watu mia mbili, na hakuna hata siku moja mwili wangu ulisisimka kama ulivyosisimka mbele ya boksi lile.

"Nipe futi kamba yako," nilimwambia.

Aliitoa kwenye mkoba, anatembea nayo hata kanisani. Nikapima kinanda: kutoka do hadi do, sentimita kumi na sita na nusu. Nikapima boksi. Kumi na nne na nusu.

"Ulipima," nilimuuliza kwa upole, "au ulikisia?"

Akafunika uso kwa kiganja. "Nilikisia. Kinanda unakifunga wewe. Ningekuja kupima, ungejua. Boksi lilikuwa sentimita sitini tu, basi nikavibana vyote vikaenea." Akacheka kwa uchungu. "Mie! Mie ninayewafukuza watu dukani wakapime!"

"Piga hapa," nikasema. "Kwenye boksi."

"Ansbert, usinidhihaki mbele ya watu."

"Sikudhihaki. Wewe piga hapo. Mimi nitaifuata mikono yako."

Nilivuta meza, nikaliweka boksi juu yake, ubavuni mwa kinanda. Nikaketi kwenye kiti changu. Alinitazama kwa muda mrefu, macho yale yale, na safari hii niliyaona yanaogopa. Nikamwashiria kwa kichwa, twende.

Mwanzo hatukusikia chochote ila ncha za vidole kwenye karatasi, tap, tap-tap. Niliitazama mikono yake nikaweka yangu mahali ilipokuwa yake. Wimbo ukatoka. Mstari wa kwanza, wa pili, hakuna kosa. Mkono wake wa kushoto ulitanuka ukafika do ya juu bila kuangalia, na wangu ukafika nao. Alikuwa anapumua kwenye vituo vya wimbo kama waimbaji wanavyopumua. Sikuwa napiga mimi. Nilikuwa namtafsiri tu. Fransis, yule aliyecheka kwanza, aliitambua sauti yake ya nne kwenye vidole vya Tupo, akaanza kuimba chinichini, wengine wakaingia mmoja mmoja, na mimi machozi yakaanza kunitoka nikashindwa kuyafuta kwa sababu mikono haikuwa na nafasi.

Kwenye ubeti wa tatu kidole chake kimoja kilikwenda mahali ambapo mimi sikuandika. Nikakifuata. Wimbo ukafungua mlango ambao sikuwahi kujua kwamba upo.

"Pale sikuandika hivyo," nilimwambia tulipomaliza.

"Najua. Pale ulikosea. Mwaka mzima nilikuwa nataka nikwambie."

"Umejuaje, na boksi halitoi sauti?"

"Naisikia kichwani. Sauti yangu ya pili ilikuwa inaumia pale, kila Jumapili."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa bado ameshika mkoba, lakini alikuwa amesimama, na sikumwona aliposimama. Akaja hadi mezani. Akagusa ile selotepu kwa kidole.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu, mama. Karatasi za kwaya, na video za kwenye simu. Na dakika."

"Dakika gani?"

"Za katikati ya wateja. Fundi akienda kupima, mie natoa boksi chini ya kaunta. Akirudi, nalirudisha. Siku nyingine napata dakika nne, siku nyingine kumi. Bibi Tazim ndiye aliyenipa hili boksi, na mteja akija haraka ananiambia, malizia mstari wako kwanza."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Siku ya kwanza nilijifunza do ipo wapi. Ikanitosha. Siku ya pili nikajifunza re."

Mama alininyooshea kidole. "Na Ansbert yupo hapa, mwalimu. Kwa nini hukumwomba?"

Tupo aliinamisha macho. "Alikuwa na kazi nyingi, mama."

Alinisitiri. Mwanamke niliyemwondoa kwenye orodha ya matangazo mara mbili, niliyemcheka mikono, alinisitiri mbele ya mama yangu. Nilimwonea fahari, na mimi nikajionea haya.

"Aliniomba," nilisema. "Nilimkataa, mama. Nilimwambia samaki mkunje angali mbichi." Nikasimama. "Na kesho tunatangazwa. Ukitaka kusimama useme hapana, simama. Mimi nitakuwa nimesimama kando yake."

Tupo alikuwa ameishika pete yake kwa vidole viwili. Aliisukuma ikarudi mwisho kabisa wa kidole.

"Methali hiyo nilikufundisha mimi," mama alisema hatimaye. "Darasa la tatu, kwa kiboko." Akakaa, si kwenye benchi, kwenye kiti cha plastiki karibu na meza. "Miaka thelathini na minne nimewafungia watoto madarasani ili wasome. Nimewapiga, nimewabembeleza. Sikuwahi kupata hata mmoja wa hivi." Alimtazama Tupo usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Binti, rudi kwenye kinanda chenyewe. Sasa umekwisha kujua kwamba ni kipana. Taratibu."

Nilimpisha kiti. Tupo alikiweka kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwenye do ya chini. Akatanua mkono, akafika pale alipozoea, akajizuia, akasogea kibao kimoja zaidi. Akabonyeza.

Do na do zikalia pamoja, safi, zikajaa kanisa.

Akaondoa mkono upesi kama aliyeshtuliwa. Akanitazama, mdomo wazi. "Kumbe inalia hivi," alisema, na hapo ndipo alipolia kweli, mabega yote. "Miaka mitatu, Ansbert, sikuwahi kuisikia mikono yangu."

Nilimshika mabega mbele ya mama na kwaya nzima, na sikujali. Nilimwambia jambo ambalo ningemwambia miaka mitatu nyuma kama ningekuwa na akili: kwamba nilikuwa mjinga, na kwamba nikiruhusiwa nitakaa kando yake maisha yangu yote nimsikilize. Alinipiga kiwiko kidogo cha tumbo, machozi yakiwa bado yanatiririka. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara nyingi, do na do, do na do, mpaka Fransis akaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

"Shule yetu ya masista ilikuwa na kinanda," mama alisema ghafla, bila kumwambia mtu yeyote. "Zamu yangu ilikuwa kukifuta vumbi. Miaka minne nimekifuta. Hakuna aliyeniambia nikae." Akaweka mkono wake juu ya boksi, mkono wenye mishipa na madoa ya uzee, vidole vimetanuka. "Hiyo futi kamba yako bado unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi nipimie boksi langu. Kwa vipimo vya kweli, usikisie. Hivi vidole si samaki mbichi, lakini nataka nione."

Tupo alipiga goti kando ya kiti, safari hii magoti yote mawili, akavuta futi kamba. "Lete mkono, mama," alisema. Mama akampa.

Kesho yake padri alisoma majina yetu. Alipofika pale pa kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, shingo zote ziligeuka, maana habari za mama zilikuwa zimetembea mtaa mzima. Nami niligeuka. Alikuwa benchi la tatu. Macho ameyafumba, midomo inacheza, vidole vinagonga-gonga mgongo wa benchi lililo mbele yake. Nilidhani anaomba apate nguvu ya kusimama. Padri alingoja, akageuza ukurasa, akaendelea.

Baada ya misa nilimfuata.

"Mama, hukusimama."

"Nisimamie nini?"

"Wametutangaza, mama. Mimi na Tupo."

"Saa ngapi?" Alifungua jicho moja. "Hebu ninyamazie kwanza, Ansbert. Umenipoteza, na nilikuwa nimeshafika do ya juu."